Hedifoni Zinazopiga Mluzi

— Nakwambia zinapiga mluzi.

— Hazipigi, mzee wangu.

— Zinapiga. Mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Mimi ndiye niliyelala nazo, wewe unabisha nini?

— Na mimi nimezivaa hapa hapa mbele yako. Kuna upepo kidogo, kama mchanga unaomwagwa chumba cha pili, na huo zote zinao. Mluzi hakuna.

— Basi masikio yako ni ya pambo.

Kijana aliyeambiwa hivyo alikuwa fundi wa simu, na kijiweni walimwita Chaji, kwa sababu kila aliyempelekea simu iliyokufa aliambiwa kwanza aende akaichaji. Hakukasirika. Alizipuliza hedifoni vumbi la unga, akazigeuza upande wa pili, akazikagua tena. Aliyemfokea alikuwa msagaji nafaka wa mtaa, naye jina lake la kijiweni ni Mzee Kinu. Benchi waliloketi liliegemea ukuta wa kinyozi, na mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa waya, hivyo mtu wa mwisho akiinuka bila kuaga, wa katikati anamwagikiwa na kahawa. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Kinyozi alikuwa amewasha jenereta lake pale mlangoni, linanguruma na kukohoa moshi, na watu wa benchi walizungumza kwa kupaza sauti kama watu waliotenganishwa na mto. Mwanamke aliyewamiminia kahawa aliitwa Shemeji na kijiwe kizima, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona huyo kaka yao aliyemwoa.

Mzee Kinu hakuwa mtu wa benchi asubuhi. Saa kama hizo huwa yuko mashineni, mweupe kuanzia kope mpaka viatu, ndoo za watu zimejipanga barazani. Lakini leo aliamka akakuta feni imesimama, redio imekufa na mashine imelala, na nyumba nzima ilikuwa kimya. Alikunywa chai akiwa amesimama. Mke wake, akiwa amempa mgongo pale kwenye jiko, alisema jambo. Mzee akajibu “haya”, akazichukua hedifoni kwenye mfuko wake wa kitambaa, akatoka mbio mbio kana kwamba kuna mtu anamsubiri. Njiani alijiambia kwamba anamuwahi Chaji kabla hajazidiwa na wateja.

Sasa alikuwa amekaa, ameinuka, amekaa tena, mpaka Kamusi akahamisha kikombe chake kwenda mkono wa mbali.

Kamusi alikuwa mtunza ghala mstaafu. Hakuna swali lililowahi kumshinda, na kila jibu lake lilianza na neno “kitaalamu”. Pembeni yake, juu ya pikipiki iliyozimwa, alikaa Breki, mbeba abiria aliyepewa jina hilo kwa kitu ambacho hakuwa na mazoea ya kukitumia.

Breki alitaka kwanza aelezwe hicho kidude kinafanya nini, maana yeye alidhani ni cha kusikilizia muziki tu. Mzee Kinu akamwambia kwamba hizi zinakata kelele. Binti yake mkubwa, yule anayefanya kazi ya kutunza wazee huko ng'ambo, ndiye aliyezituma. Alisema baba yake amekaa na ile mashine miaka mingi kuliko aliyokaa na watu, kwa hiyo jioni azivae, masikio yapumzike.

— Zinakata vipi? Zimejazwa pamba?

Chaji akasema pamba haihusiki. Akamwonyesha kitobo kidogo sana kwa nje, ambacho mtu angedhani kimetobolewa na mdudu.

— Hapa ndani kuna kinasa sauti. Kazi yake ni kusikiliza kelele zinazokuja. Halafu kuna akili ndogo inayotengeneza sauti nyingine, pacha wa ile kelele lakini kinyume chake. Kelele ikisukuma, yenyewe inavuta. Ikivuta, yenyewe inasukuma. Zinakutana hapa mbele ya sikio, zinamalizana.

— Zinamalizana, zinakwenda wapi?

— Haziendi mahali. Zinaisha.

— Kitu hakiishi hivi hivi, Chaji. Hata petroli ikiisha imekuwa moshi.

Breki alishuka kwenye pikipiki ili aseme vizuri. Kwa maoni yake, lazima humo ndani kuna kitangi. Kelele zikikatwa zinahifadhiwa mle. Mzee Kinu amezivaa jioni baada ya jioni, mtaa huu wenye kinyozi, mchomeleaji na watoto wasiolala. Kitangi kimejaa. Mluzi anaousikia ni kelele zinazotafuta pa kutokea. Dawa yake ni kuzipeleka porini, kuziwasha, na kuziacha zitapike.

Kamusi alisikiliza akiwa amefumba macho, namna ya mtu anayemvumilia mtoto. Akasema kitaalamu hakuna kitangi. Kuna mashindano. Kelele inavuta kamba huku, pacha wake anavuta kule. Wakilingana nguvu, kamba inatulia, unapata kimya. Lakini kelele ya mashine ya kusaga si ya mchezo, na hizi hedifoni zimetengenezwa na watu wanaokula kidogo. Pacha anazidiwa. Kamba inateleza. Mluzi ni kamba.

— Lakini mzee anazivaa usiku, mashine imezimwa, alisema Shemeji.

— Kamba ikishalegea imelegea.

Shemeji alifuta mikono kwenye kanga, akaomba naye azijaribu. Chaji akamvalisha juu ya kilemba, akazishusha sponji zikae sawasawa sikioni, akabonyeza swichi. Mwanamke yule aliganda. Alitazama jenereta, akatazama moshi wake, akatazama tena jenereta, akacheka peke yake.

— Limekufa, alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. Jenereta limekufa na linatoa moshi. Ila Breki bado namsikia.

— Hiyo ndiyo hitilafu yenyewe, alisema Kamusi.

Chaji akaeleza kwamba hiyo si hitilafu. Kelele ya mfululizo, ile inayonguruma vile vile tangu asubuhi mpaka jioni, ni rahisi kuiwekea kinyume chake kwa sababu inajirudia. Mdomo wa mtu unarukaruka. Ukisema “ka”, hakuna anayejua kama utamaliza na “haba” au “hawa”. Kwa hiyo mngurumo unaondoka, maneno yanabaki, tena mengine unayasikia vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Mzee Kinu alilisikia hilo kwa sababu Chaji alikuwa amemgeukia. Likamkaa vibaya. Siku ya kwanza alizivaa mashineni, akabonyeza swichi, na ule mngurumo aliolala nao na kuamka nao ukazama chini kama gari linalopita mbali. Kidogo alie. Kisha akamwona mteja aliyesimama mbele yake anachezesha midomo. Akadhani mteja naye anafanya mzaha, ananong'ona.

Sasa Mzee Kinu aliinuka, benchi likayumba, Kamusi akaokoa kikombe.

Shemeji alizivua, akasema zinabana masikio kwa ndani, kama gari linaposhuka mlima mrefu. Halafu akatoa nadharia yake, na alianza kwa kuomba wasimcheke. Yeye alisema hizi zimetoka nchi za watu, zimezoea treni na ndege. Zimefika hapa zinasikiliza, zinasikiliza, hazisikii ndege, zinasikia kitu kinachosaga mahindi. Hazijui kinyume cha kusaga ni nini. Sasa zinapiga mluzi kama mtu aliyepotea njia, labda atatokea mwenzake amjibu.

Hawakumcheka. Breki alisema hiyo ina mantiki kuliko ya Kamusi, na Kamusi akaudhika, na kutoka hapo mambo yakapanda. Breki alitaka watengeneze moja kubwa kama sinia, waitundike kwenye nguzo ielekee mashine ya Mzee Kinu, mtaa mzima ulale mchana. Kamusi akamkumbusha kwamba chenye uwezo wa kutengeneza kinyume cha mashine kinaweza kutengeneza kinyume cha mtu. Adui yako akiipata sauti yako, anaiweka mfukoni. Unasimama mbele ya watu kujitetea, unafungua mdomo, hakitoki kitu. Breki akauliza kama hiyo inapatikana ya kumtosha mama mkwe, yenye ukubwa wa mlango hivi. Kamusi akamwambia afikirie vizuri, kwa sababu mama mkwe akiwahi yeye kuinunua, Breki atamaliza maisha yake yote kama samaki.

— Tuache mchezo, alisema Mzee Kinu. Nimekuja na kitu kibovu.

Akasema mluzi ni jambo moja, bado hajawaambia la pili. Jana jioni alimwomba mjukuu wa jirani amwekee wimbo, ule wa zamani wa dansi ambao kila mtu anaujua, wenye gitaa la mbele na wanawake wanaoitikia. Gitaa zito lilikuja vizuri, tena zito kuliko lilivyopata kuwa. Ngoma zilikuja. Mwimbaji wa kiume alikuja. Wanawake hawakuja.

— Hawakuja vipi?

— Hawamo. Zimewala. Pale wanapoitikia, kuna shimo.

Kamusi alipiga paja. Akasema hilo ndilo alilokuwa analingojea, na kitaalamu ndiyo bei ya kukata kelele. Ni kama mchele unapopepetwa na mtu mwenye haraka: pumba zinaruka, na punje mbili tatu zinakwenda nazo. Hedifoni haijui kelele ni ipi na wimbo ni upi. Ikishaanza kukata, inakata. Mtu anayependa muziki kweli azime swichi, avumilie jenereta.

Chaji alikubali nusu. Alisema ni kweli swichi ikiwashwa wimbo unabadilika. Besi inanenepa, inakuwa kama ngoma iliyopigwa ndani ya pipa, na ile hewa ya juu, yale matoazi na nyuzi nyembamba, inafunikwa kidogo. Ukiizima, wimbo unapanuka lakini mtaa nao unaingia. Wapo wanaopenda hivi na wapo wanaopenda vile, ni mambo ya sikio la mtu. Lakini kula watu wazima waliosimama wakaimba, hapana. Hilo hajawahi kuliona.

Akautafuta wimbo kwenye simu yake, akauweka, akazivaa mwenyewe. Alitikisa kichwa kwa mapigo, akasubiri, kisha akainua kidole: hao. Akampa Breki. Breki alisikiliza mdomo wazi, akaanza kuitikia pamoja nao kwa sauti ya juu ya kike, mpaka mteja wa kinyozi akachungulia.

— Wapo, mzee. Tena wamekasirika, wanapiga kelele kweli kweli.

Mzee Kinu akazinyakua, akazivaa. Gitaa. Ngoma. Mwanamume anaimba habari za mpenzi aliyehama mji. Halafu shimo, na ndani ya shimo ule mluzi mwembamba, umekaa kitako. Chaji akamzimia swichi. Jenereta likarudi, wimbo ukapanuka, shimo likabaki pale pale.

— Hawapo, alisema, akazivua na kumrudishia Chaji.

Chaji alimtazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Akachukua bisibisi yake ndogo kwenye mfuko wa shati, akaitazama kana kwamba ndiyo yenye jibu, akairudisha.

Breki hakuwa na tabia ya kufunga mdomo. Akacheka akasema labda mzee amechoka, maana hata juzi mashineni mkanda ulilia mpaka foleni nzima ikaziba masikio, na yeye kasimama pembeni yake anapanga magunia. Alikuja kushtuka kwa harufu ya mpira unaoungua. Watu waliigiza ule mlio kutwa nzima.

— Nilikuwa nauangalia unga, alisema Mzee Kinu.

— Unga haulii, mzee. Mkanda ndio unaolia.

— Nimesema nilikuwa nauangalia unga.

Alisema kwa ukali, na Breki akarudi kwenye pikipiki yake. Mzee Kinu alikuwa msagaji wa sikio. Hakuwahi kutumia kipimo chochote. Mota ikilemewa, inaguna, naye anapunguza mahindi. Punje zikikaribia kwisha, nyundo zinaanza kuruka na kucheka, naye anazima. Mkanda ukilegea unalia kama mtoto, naye anaukaza. Mtu angeweza kumfunga macho akasaga kutwa. Kumfunga masikio ni kuifunga mashine, na hakuna kazi nyingine aliyoijua. Ndiyo maana hizi hedifoni ilikuwa lazima ziwe mbovu. Angemwambia binti yake ni mbovu, naye angezirudisha zilikotoka, au zingekaa kabatini, na mluzi ungekaa nazo humo humo kabatini.

— Zifungue, alimwambia Chaji.

Chaji alisema hizi hazina parafujo. Zimegandishwa kwa gundi, na zikishabanduliwa hazishiki tena kama zilivyotoka kiwandani. Hewa itapita pembeni, na hapo ndipo zitapiga mluzi wa kweli. Alimsihi mzee asubiri, aulize kwanza huko zilikotoka. Binti akizikuta zimepasuliwa atasemaje?

— Atasema baba yake alitaka kujua.

— Mzee wangu, mimi ningeshauri.

— Wewe ni fundi au mshauri?

Benchi likagawanyika. Kamusi alitaka zifunguliwe, kwa ajili ya elimu. Breki naye alitaka zifunguliwe, aone kitangi. Shemeji alisema zawadi ya mtoto haipasuliwi kwa bisibisi barabarani, hata kama inapiga tarumbeta. Mzee Kinu alisimama katikati yao, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, macho kwenye mikono ya Chaji. Kijana akazilaza mapajani. Akatafuta ufa kati ya sponji na plastiki. Akaingiza ncha ya bisibisi.

— Shikamooni.

Alikuwa mwanamke kijana mwenye ndoo ya mahindi kiunoni, sura ngeni. Shemeji aliitikia kwa niaba ya wote na kumtambulisha: ndiye aliyehamia juzi ile nyumba yenye geti la bluu. Mgeni alisema amekuta mashine imefungwa, wakamwelekeza kwamba mwenyewe yuko huku. Alitaka kujua tu kama leo kutakuwa na kusaga. Kamusi akamwambia asubiri kidogo, kuna operesheni inaendelea, na kwa kuwa alikuwa amepata msikilizaji mpya akamweleza yote: kelele na pacha wake, kamba, kitangi ambacho si cha kweli, wanawake walioliwa, na mluzi ambao mzee peke yake ndiye anayeusikia kila akizivaa.

Mgeni aliweka ndoo chini. Akazitazama hedifoni, akamtazama Mzee Kinu, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

— Na ukizivua, mluzi unaacha?

Kamusi alikuwa na neno “kitaalamu” mdomoni, likabaki hapo hapo. Breki alimtazama Chaji. Chaji alikuwa anatazama mapaja yake, bisibisi imesimama.

— Hilo rahisi tu, alisema Breki. Mzee, zivue utuambie.

— Amekwisha kuzivua, alisema Shemeji taratibu.

Wote wakaziona. Zilikuwa mapajani mwa Chaji, swichi imezimwa tangu ule wimbo.

Mzee Kinu alisema kwa jenereta hili mtu atasikia nini. Alisema vizuri, kwa sauti ya mtu mwenye hoja. Ndipo Breki, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo, akavuka kwenda kwa kinyozi kumwomba azime mara moja tu, kuna jambo la kitaalamu. Kinyozi aligoma, ana kichwa cha mtu nusu. Breki akamwahidi mwenye kichwa kwamba atampeleka kokote bure. Jenereta likakohoa, likatetemeka, likazima.

Hakuna aliyekumbuka lini mtaa ule ulikuwa kimya. Mwenye kichwa nusu alitoka na shuka yake shingoni akasimama mlangoni. Shemeji aliondoa birika kwenye mkaa ili lisinung'unike. Mguu wa benchi ulilia kidogo kwenye waya wake, kisha nao ukatulia. Wote wakamtazama yeye.

Mluzi ulikuwepo.

Haukusogea, haukupungua. Ulikuwa pale pale ulipokuwa alfajiri, feni iliposimama, ulipomtoa nyumbani na chai haijashuka. Ulikuwepo pia kabla hedifoni hazijafika. Aliufunika kwa redio usiku kucha, mke akilalamika, na akaufunika kwa feni hata majira ya baridi, na mchana mashine ilimsaidia. Sasa hapakuwa na cha kuufunika. Akazitazama nyuso zao. Angeweza kusema umeacha. Neno moja, Chaji angeingiza bisibisi, gundi ingeachia, na wote wangeinama kutafuta kitangi.

— Mwambieni awashe, alisema. Mtu atatembea na kichwa nusu.

Breki aliuliza sasa jibu ni lipi, na Shemeji akamkanyaga mguu. Chaji alichomoa bisibisi polepole, akaipangusa sponji pale ilipokwaruzika, akazirudisha hedifoni kwenye mfuko wake wa kitambaa, akavuta uzi. Alimpa mzee kwa mikono miwili.

— Ni nzima, mzee wangu, alisema, na safari hii alisogea karibu na kuyasema maneno moja moja. Binti yako amekuletea kitu kizuri.

Jenereta likawaka. Mgeni aliomba samahani, hakujua kama ameuliza vibaya. Mzee Kinu akamwambia hapana. Akainua ile ndoo ya mahindi mwenyewe, akampa.

— Umeme ukirudi uje, nitakusagia. Ila ukae karibu na mashine. Ukisikia mkanda unalia, uniguse.

Kahawa yake ilibaki kwenye benchi, haijanywewa. Kamusi hakuigusa. Mzee alikwenda kwa hatua za haraka mwanzoni, kisha akapunguza, na alipopita mashineni hakusimama. Njiani alikuwa anawaza jambo dogo. Miezi hii ya karibuni mke wake amekuwa na tabia mpya: akitaka kumwambia kitu humjia karibu na kumgusa bega kwanza, ndipo aseme. Mzee aliipenda. Alijisemea kwamba uzeeni mapenzi hurudi kwa mlango wa uani. Kumbe mama wa watu alikuwa amelijua jibu la swali la yule mgeni zamani, akatafuta njia ya kuishi nalo bila kumuumbua.

Alimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, amempa mgongo, anachambua mchele kwenye ungo. Kutoka pembeni aliuona utaya wake unacheza. Huenda alikuwa anaimba, huenda alikuwa anazungumza naye tangu aliposikia hatua zake, na huenda alikuwa amezungumza hivyo, peke yake, asubuhi nyingi. Mzee Kinu alishika mwimo wa mlango. Alizitoa hedifoni mfukoni, akazitundika kwenye msumari wa kofia. Akapiga hodi katika nyumba yake mwenyewe, kwa nguvu, ili hata yeye aisikie, na akasema akiwa pale pale mlangoni:

— Geuka huku, mama watoto. Lile uliloniambia asubuhi sikulisikia.